Yule Mnayesema Hana Shida

Nyinyi wasichana mliochukua kazi yangu, nisikilizeni. Mnanijua. Mimi ni Mama Apiyo, yule anayeuza nguo za watoto pale soko la Kibuye, upande wa mitumba, mkono wa kushoto ukishawapita wauza ndoo. Kabla ya nguo nililea watoto wa watu miaka kumi na mmoja, kwenye kile kituo cha vyumba viwili nyuma ya soko, ambapo akina mama wanaacha watoto asubuhi wakienda kupanga nyanya zao. Sasa nimestaafu. Chekeni. Nina miaka thelathini na mbili na mgongo wa mtu wa sabini, na mgongo hausomi cheti cha kuzaliwa.

Nimekasirika, sitaficha. Wiki iliyopita nilipita kituoni kupeleka soksi ambazo zilikosa mnunuzi. Msichana mmoja mpya, simu mkononi, akaanza kunionyesha watoto kama mtu anayeonyesha mali dukani. "Huyu ni msumbufu. Huyu ni mkaidi, alizaliwa hivyo tu. Huyu ni wa kulia." Kisha akanyoosha kidole kwenye kona. Kulikuwa na mtoto wa kama miaka mitatu, amekaa peke yake, anakunja na kukunjua pindo la fulana yake. "Na huyu hana shida."

Nilitaka kumchapa na zile soksi.

Hana shida! Maneno hayo niliyasema mimi mwenyewe miaka nenda miaka rudi, tena kwa kusifu, na nusura yanipokonye mtoto wangu. Kwa hivyo wekeni hizo simu chini. Nitawaeleza nilivyoharibu, ili mkiharibu nyinyi mharibu mapya yenu.

Mwenye kituo wakati wangu alikuwa Mama Zuhura, mama wa mtaa wa Manyatta, mnene, mwenye sauti ya kusimamisha lori. Nilifika kwake na cheti changu cha kidato cha nne kwenye bahasha ya plastiki. Hakukifungua. Alinipa mtoto aliyekuwa analia, akaniambia, "Haya, soma huyu."

Somo lake la kwanza lilikuwa la mlangoni. Kulikuwa na mama mmoja wa mboga ambaye hakuweza kuvumilia kilio cha mwanawe, kwa hivyo kila asubuhi alijifanya anaenda choo, akatokea mlango wa nyuma na kuondoka. Mimi nilimsaidia! Nilikuwa namshika mtoto, namwonyesha paka ukutani, mama anapotea. Niliona tumekuwa wajanja sana. Baada ya wiki, yule mtoto hakucheza tena. Alikaa mbele ya choo kutwa nzima, uji wake anaunywea hapohapo. Kila mtu aliyetoka chooni alimwangalia usoni.

Mama Zuhura aliponiuliza kwa nini mtoto analinda choo, nikamweleza mbinu yetu. Alinitazama mpaka nikatafuta pa kuweka mikono.

"Kwa hivyo umemfundisha kwamba mama yake anaishi chooni."

"Analia sana akimwona anaenda, Mama."

"Alie! Kilio kinaisha. Kusubiri mtu asiyeaga hakuishi. Kesho mama yake ataaga, atasema anarudi baada ya kula, na atarudi baada ya kula. Ukimsaidia tena kutoroka, utatoroka naye."

Mtoto alilia siku nne. Ya tano alipunga mkono. Hilo liwekeni kichwani, halihitaji cheti.

Halafu kulikuwa na Brayo wa kung'ata. Mtoto wa miaka miwili na nusu, meno kama ya panya, na alikuwa anang'ata saa za kula tu. Jirani yangu alinishauri nimng'ate na mimi, ati ataonja uchungu aache. Nikamng'ata. Nasema haya kwa aibu: mtu mzima, nimemaliza shule, nimeinama nang'ata mkono wa mtoto. Kesho yake Brayo aling'ata watatu. Bila shaka aling'ata watatu! Alikuwa na mashaka kidogo kama kung'ata ni kazi ya watu, mimi nikamthibitishia.

Mama Zuhura hakunifukuza. Alinituma kwa kina Brayo, mtaa wa Nyalenda, saa ya chakula cha mchana siku ya Jumapili. Nikakuta kaka wanne, sufuria moja, na mama amechoka hata kunikaribisha ilikuwa kazi. Ugali ulipotua, mikono ilishuka kama ndege. Brayo ndiye mdogo, na alikuwa na kifaa kimoja tu cha kujitetea, nacho kiko mdomoni. Basi kituoni tukaanza kumpa sahani yake ya kwanza, mapema, na kumwambia, "Hii ni ya Brayo, hakuna mtu ataigusa." Ilichukua karibu mwezi. Meno yakatulia.

Ndio maana mkiniambia mtoto "alizaliwa hivyo tu," damu inapanda. Ndiyo, mtoto anakuja na tabia yake kutoka tumboni. Nimewabeba mapacha, nani atanidanganya? Upande wa kulia mmoja alikuwa anacheza mpira, upande wa kushoto mwingine alikuwa ametulia mpaka nesi akawa anamtafuta. Lakini ile tabia ikishafika nyumbani, ni sisi tunaamua itafanyiwa nini. Kwa watu wengine ule utulivu ungekuwa mtoto msikivu anayeongea akiwa tayari. Kwangu mimi ukawa mtoto aliyenyamazishwa. Na hakuna aliyewahi kumwambia nyamaza.

Hapa ndipo panaponiuma.

Mapacha wangu ni Apiyo na Adongo. Kwetu Wajaluo kila mtu anajua bila kuuliza: Apiyo ni yule aliyetoka kwanza, Adongo ni yule aliyefuata. Mama mkwe wangu, watoto wanamwita Dani, yaani nyanya yao, alisema siku ileile walipozaliwa kwamba Apiyo atatangulia katika kila kitu, kwa sababu ndivyo walivyokuja. Sikuona ubaya. Apiyo alioga kwanza, Adongo akaoga maji ya pili. Apiyo alinyolewa kwanza. Wageni walisalimia Apiyo kwanza. Na mimi nikaitwa Mama Apiyo na dunia nzima. Hebu fikirieni, nina watoto wawili wa siku moja, na sijawahi kusikia mtu akiniita kwa jina la yule wa pili.

Niliwaleta kituoni wakiwa na mwaka na miezi miwili. Apiyo alikuwa moto. Anapanda madirisha, anapora midoli, anaita watu. Adongo alikaa kwenye mkeka kwenye kona. Wenzangu waliniuliza, "Adongo je?" Nami nikajibu kwa fahari, "Huyo? Hana shida!" Nilikuwa na watoto ishirini na wawili wa kufuta pua. Mtoto asiyelia ni zawadi, mnajua.

Walipoanza kuongea, Apiyo aliongea kwa wote wawili. "Tunataka maji." "Tumeshiba." "Hatutaki hiyo." Mimi mwenyewe, mwalimu wa mlangoni, niliyejua mambo ya choo na ya meno, nilikuwa namuuliza Apiyo, "Adongo anataka nini?" huku Adongo amesimama hapo mbele yangu na mdomo wake! Ilikuwa njia ya haraka. Apiyo alijibu sahihi pia, hilo ndilo baya lenyewe. Hakuwahi kukosea, kwa hivyo sikuwahi kushtuka.

Walipofika miaka minne, Baba Apiyo, yeye ni fundi wa kuchomelea mageti, alipata kazi kwenye boma moja kubwa la Milimani. Huko akaona watoto wenye soksi nyeupe wakishushwa kwenye gari, akarudi na wazo kwamba mapacha wake watasoma kwenye shule ya chekechea ya hukohuko. Shule yenyewe siitaji, haina haja. Kulikuwa na intavyu. Ndiyo, intavyu ya watoto wa miaka minne, na mimi nilinunua viatu.

Mtoto mmoja mmoja, peke yake na mwalimu. Apiyo akatangulia, kama kawaida. Alitoka na peremende mkononi. Adongo akaingia. Mlango ulikuwa na kioo, nikamwona. Mwalimu alimwonyesha picha ya ng'ombe. Adongo akageuza kichwa upande wake wa kulia, akangoja. Mwalimu akamwonyesha picha ya mpira. Adongo akageuka tena upande uleule. Upande wa kulia ndio Apiyo husimama. Alikuwa anangoja sauti yake ije.

Mwalimu alitoka akanipa karatasi. "Tutamchukua Apiyo. Huyu mwingine hayuko tayari. Anasikia vizuri, lakini?"

"Anasikia," nikasema.

Jioni hiyo Dani alikuwa kwetu. Anakaa ufuoni, mbele ya Otonglo ukishuka kuelekea ziwani, na alikuwa amekuja na omena zake, yaani dagaa. Alisikiliza, akapangusa mikono.

"Basi ni rahisi. Apiyo aende shule. Adongo nipe mimi."

"Nikupe vipi, Mama?"

"Akae na mimi. Mjini hapa anaonewa na dada yake na nyinyi mko na haraka. Akikomaa mtamchukua."

"Atakomaa lini?"

"Mama Apiyo, mtoto ni ugali?"

Baba Apiyo akacheka. Nikamwangalia, akaacha. Lakini baadaye aliniambia, pole pole, akiangalia mikono yake, kwamba labda mama yake anasema kweli. Mmoja shuleni, mmoja ufuoni. Alisema hivyo kana kwamba tunagawana viti. Tukaelewana, kama hiyo ni kuelewana, kwamba Adongo aende wiki mbili kwanza. Apiyo aligoma kula usiku ule, tukadhani ni deko.

Wiki mbili hizo nilifanya kazi kama mtu aliyesahau kitu kwenye moto. Kwa kila mtoto wa kona nilimwona Adongo. Siku ya kumi nikamwambia Mama Zuhura nimeshindwa, nikapanda matatu kwenda ufuoni.

Mnajua wanavyoanika omena: nyavu zimetandazwa chini, samaki wadogo juu yake wanang'aa kama vipande vya bati, na ndege weupe wanazunguka wakingoja mtu alale. Kabla sijafika nikasikia mtoto anafoka. Sauti kubwa, kali, ya mtu mwenye mali yake. "Toka! Wewe! Nimekuona! Toka kwa omena ya Dani!" Nikafikiri, mtoto wa nani huyo, ana mdomo kama tarumbeta.

Alikuwa Adongo. Na kijiti mkononi, miguu mitupu, anakimbiza ndege watatu na kuwatukana kwa Kijaluo, matusi ambayo hakuyapata kwangu.

Nilisimama pale nikalia kwa hasira. Nasema hasira, msinisahihishe. Miaka minne! Sauti ile yote ilikuwa ndani, na mimi mtaalamu wa watoto nilikuwa naizunguka na kitambaa cha pua.

Mwanamke mmoja aliyekuwa anageuza omena akainua kichwa, akamwita mwenzake: "Huyo lazima ni Mama Adongo."

Adongo aligeuka. Hakuja kwangu mbio, kwanza alimwangalia yule mwanamke kwa muda, kama mtu aliyesikia kitu kipya redioni. Ndipo akaja.

Nikamuuliza Dani, "Ulimfanyia nini?"

"Nimfanyie nini? Nilimwambia ndege wakila omena, nitamuuliza yeye. Hakuna mtu mwingine wa kuuliza hapa." Akaendelea kuchambua samaki. "Siku tatu hakusema kitu, ndege wakala. Ya nne wakamkasirisha."

"Lakini Mama, wewe ndiye uliyesema Apiyo atangulie kila kitu."

Alitupa kando samaki mmoja aliyevunjika. Halafu akasema, "Nilisema. Sikusema huyu asifike." Hiyo ndiyo samahani niliyopata, na kwa mama mkwe wangu hiyo ni kubwa, niliichukua. Ila akaongeza palepale, "Na ndiyo maana atakaa hapa. Mnataka kumrudisha kwenye kona?"

Hapo sasa. Alikuwa amenishika. Pale ufuoni mtoto wangu alikuwa na mdomo. Nyumbani kwangu alikuwa hana. Ningesema nini? Kwamba namtaka kwa sababu ni wangu? Hata yule mama wa chooni alimpenda wake.

Nikakumbuka sahani ya Brayo, ile isiyoguswa na mwingine. Nikasema, "Nipe Adongo, nami nitakuletea Apiyo. Wiki moja tu. Baada ya hapo kama Adongo atarudi kimya kwangu, nitamleta mwenyewe na nguo zake zote."

Dani alinipima kwa macho. "Utamleta?"

"Nitamleta."

Kwa hivyo jueni, nilikuwa nimemweka mtoto wangu rehani kwa mdomo wangu mwenyewe.

Wiki ile nyumbani nilijifunza kazi upya. Nilimuuliza Adongo, "Unataka chai au uji?" kisha nikanyamaza. Mnafikiri ni rahisi? Jaribuni. Mdomo unawasha. Ukiuliza mtoto wa namna hiyo, usimkazie macho, shughulika na kitu, kunja nguo, na ngoja mpaka uone aibu, halafu ngoja tena. Siku ya kwanza hakujibu, na sikumpa chochote mpaka aliponyooshea uji kidole. Siku ya pili alinong'ona. Kituoni nilimpa kazi ya kuita majina ya watoto saa ya uji, na yeye akawa wa kwanza kupewa kikombe. Watoto wawili walipata uji umepoa kwa sababu alikuwa anachukua muda. Mama Zuhura alinikuta nawaambia wangoje. Alichukua vile vikombe viwili akavirudisha jikoni kupashwa moto.

Alhamisi aliita majina kumi na tisa. Ijumaa aliniambia, "Wewe Mama, umeweka chumvi mingi." Mboga ilikuwa na chumvi sawasawa. Nilikubali ni mingi.

Jumamosi nikaenda kumchukua Apiyo, nikitarajia kukuta ufuo umepinduliwa. Nikamkuta amekaa kwenye stuli ya Dani, amejikunyata. Hakukimbiza ndege hata mmoja. Dani akaninong'oneza, "Huyu ndiye mgonjwa. Asubuhi ya kwanza aliniambia, 'Tunataka maji.' Nikamuuliza wewe na nani? Akaanza kulia."

Sikiliza vizuri hapo, wewe msichana wa simu. Yule niliyemwita jasiri hakujua kuomba maji yake peke yake. Nilikuwa nimewavunja wote wawili kwa wakati mmoja, na mmoja alikuwa na kelele, mwingine kimya, nami nikaona tatizo moja tu. Nusu, hata. Nilipata kuliona kwa sababu watu wenye karatasi walimkataa mmoja. Wangewachukua wote, ningekuwa bado najisifu.

Dani hakudai Adongo tena. Alinipa omena, akaniambia nisizichemshe mpaka zife mara ya pili. Shule ya Milimani tuliiacha. Baba Apiyo alinuna siku tatu na ile soksi nyeupe ya ndoto zake. Tukaenda shule ya umma karibu na kwetu, ambako hawana intavyu, wana foleni.

Asubuhi ya kwanza mwalimu wa kike, mjamzito, jasho limemjaa, alikuwa anaandika majina getini. Akatufikia. "Mapacha! Nani ni nani?"

Apiyo alifungua mdomo, kama kawaida. Kisha akaangalia ule uwanja wote, watoto mia na kitu wanapiga kelele, akaufunga. Mkono wake ukatafuta sketi yangu. Adongo alikuwa amesimama kushoto, anaangalia viatu. Mwalimu alingoja kidogo, kalamu juu ya karatasi. Nyuma yetu mama mmoja akasema, "Si umwambie tu, dada, tumechelewa!" Na mimi najua majina ya watoto wangu. Yalikuwa kwenye ncha ya ulimi. Nikageuka nikamwambia yule mama angoje, na sikusema kwa upole. Nikaanza kupangusa vumbi kwenye begi ambalo halikuwa na vumbi.

"Mimi ni Adongo," sauti ikasema. "Huyu ni Apiyo. Mwandike kwanza, lakini mshike mkono. Anaogopa."

Mwalimu akaandika. Akamshika Apiyo mkono mmoja, akampa Adongo mkono mwingine, na Adongo akakataa kushikwa, akaenda peke yake, nyuma yao hatua mbili, kwa mwendo wake.

Sasa rudini kazini. Yule wa kona, wa kukunja fulana, nilimuuliza jina lake siku ile ya soksi na yule msichana akanijibu kwa niaba yake. Kesho, kabla hamjawafikia wanaolia, nendeni kwenye kona. Kaeni chini, mpeni uji wa kwanza, mwulizeni swali moja, halafu mfunge midomo yenu.